Habari za Daktari Livingstone na Watu Waliomchukua: Maneno kwa Waalimu na Wazazi

 Katika siku hizi za shukrani yametajwa majina mengi ya watu waliotutangulia. Sisi tumepewa kazi ya kusema habari za shule, na jinsi iwapasavyo waalimu kuwafundisha watoto mambo ya watu wa kale. Tumeona si vema kugusa mambo mengi kwa juu juu. Basi tumechagua msafiri mmoja, Daktari David Livingstone, na safari yake ya mwisho, tupate kuonyesha jinsi habari moja iwezavyo kuwa chakula cha masomo yote.

Tumemchagua yeye kwa sababu njia zake zimepita katika nchi zetu. Alishuka Mikindani mwaka 1866, akakaa Ujiji, akakaa karibu na Tabora, na maiti yake ilipelekwa Bagamoyo. Tena maneno aliyoyasema huko Cambridge mwaka 1857 ndiyo yaliyowaamsha watu kuanzisha misheni ya U.M.C.A., ambayo matunda yake twayajua. Lakini sababu kubwa ni hii: habari zake zafundishwa sana, na mara nyingi zafundishwa vibaya.

Mwulize mtoto Livingstone alikuwa nani. Atakujibu upesi: alizaliwa Uskoti, alivumbua maziwa na mito, akafa akipiga magoti. Katika jibu hilo yako mambo ya kweli, na liko neno moja linalodhuru, nalo ni hilo la kuvumbua. Ziwa Tanganyika lilikuwa na wavuvi wake na masoko yake kabla Mzungu yeyote hajaliona. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, walifika kwa njia ya misafara iliyokuwa imekwisha kukanyagwa na wafanya biashara na wapagazi kwa miaka mingi. Na maporomoko ya Zambezi, ambayo Livingstone aliyaona mwaka 1855, yalikuwa na jina lake, Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi ungurumao. Mtu hawezi kukipa jina kitu asichokijua. Mtoto afundishwaye kwamba nchi yake haikujulikana mpaka alipokuja mgeni, afundishwa bila kuambiwa kwamba babu yake hakuwa na macho. Dharau ya namna hii haitoki upesi katika moyo wa mtoto.

Wako waalimu wengine, hasa vijana, waliochukizwa na mafundisho hayo, nao wataka kulifuta jina la Livingstone lisitajwe kabisa. Twaijua sababu yao. Yeye alitaka biashara na dini viingie pamoja katika Afrika. Na baada yake wakaja watu waliolitumia jina lake kuwa udhuru wa kutwaa nchi, hata mataifa ya Ulaya yakaweka kanuni za kugawana bara hili katika mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885. Hayo lazima yafundishwe. Lakini ukimfuta Livingstone ubaoni, umewafuta pia Susi, na Chuma, na Halima, na Jacob Wainwright, kwa kuwa habari zao zimetufikia kwa ajili ya safari hiyo. Basi ushauri wetu ni huu: tusimfundishe mtu peke yake, tufundishe safari. Na katika kila somo tuulize swali moja: ni nani wengine waliokuwapo, nao walifanya nini?

Kwanza tuikumbushe habari yenyewe kwa ufupi. Livingstone alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813. Alipokuwa na miaka kumi tu alianza kazi katika kiwanda cha pamba, akasoma baada ya kazi, mwisho akawa tabibu na mhubiri. Alifika Afrika ya Kusini mwaka 1841. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa safari yake ya mwisho, akitafuta chimbuko la mto Naili na kuchungulia mambo ya biashara ya watumwa. Alisafiri miaka saba, akafa karibu na ziwa Bangweulu, katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo sasa Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Watu wake walifanya shauri wao wenyewe, wala hapakuwa na Mzungu wa kuwaamuru. Moyo wake waliuzika chini ya mti. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha kwa jua siku 14, wakaufunga katika nguo ya merikani na gome la mti na kitambaa cha tanga, wakauchukua mpaka pwani. Walifika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Tarehe 18 Aprili mwaka huo alizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey. Hii ndiyo habari. Sasa tuangalie masomo.

Tuanze na historia. Somo hili lataka mtoto ajifunze kupima ushuhuda. Stanley alikutana na Livingstone katika Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871. Stanley aliandika katika kitabu chake kwamba siku hiyo ilikuwa tarehe 10 Novemba. Lakini daftari ya Livingstone yaitaja habari hiyo katika tarehe za mwezi Oktoba. Mwalimu asiifiche tofauti hii, bali awaulize watoto: mtu aliye safarini, mgonjwa, asiye na kalenda, awezaje kupotewa na hesabu ya siku? Hapo watajifunza kwamba kitabu ni ushuhuda wa mtu, na mtu huweza kukosa.

Katika historia wafundishwe pia majina. Chuma alikuwa Myao, aliyefunguliwa katika minyororo ya watumwa mwaka 1861. Susi alitoka Shupanga katika bonde la Zambezi. Jacob Wainwright naye alikuwa Myao. Alikuwa mtumwa akaokolewa, akasomeshwa Bara Hindi katika Nasik, akaletwa kwa Livingstone mwaka 1872 pamoja na watu waliotumwa na Stanley. Wainwright ndiye aliyesoma maneno ya maziko huko Chitambo, akachonga jina la Livingstone na tarehe katika gome la mti. Chuma alikufa Unguja mwaka 1882. Susi alikufa huko mwaka 1891. Wainwright alikufa Urambo mwaka 1892. Makaburi yao hayako mbali na nchi yetu kama lilivyo kaburi la London.

Katika jiografia, mwalimu hahitaji vyombo vya thamani. Achore ramani uwanjani kwa fimbo: pwani upande wa mashariki, maziwa upande wa magharibi, kisha watoto waweke mawe katika Mikindani, Ujiji, Tabora, Chitambo na Bagamoyo, na kamba ipite kati yao. Tena awafundishe kosa la Livingstone. Yeye alipouona mto Lualaba huko Nyangwe mwaka 1871 alidhani huenda ndio Naili. Haukuwa Naili, ni mto Kongo. Na jambo hili lilijulikanaje? Cameron alipofika Nyangwe mwaka 1874 alipima kimo cha nchi, akaona kwamba Lualaba uko chini kuliko Naili ulivyo huko Gondokoro. Na maji hayapandi mlima. Kisha Stanley akaufuata mto huo mpaka bahari ya Atlantiki, akafika mwaka 1877. Yafaa mtoto ajue kwamba mtu mkuu alitumia miaka ya mwisho ya maisha yake katika dhana isiyokuwa kweli, na ya kuwa kosa hilo lilisahihishwa kwa kupima.

Sayansi yafuata hapo hapo, maana wasafiri wale walipimaje kimo bila kamba? Walichemsha maji. Kila upandapo kama mita 300 juu ya bahari, maji huchemka kwa joto lililopungua kama digrii moja. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Lakini kando ya ziwa Tanganyika, palipo kimo cha mita 770 hivi, huchemka kwa digrii 97 na nusu. Shule yenye kipimajoto na sufuria yaweza kujaribu jambo hili kwa siku moja. Tena mwalimu aulize: kwa nini chumvi na jua viliuhifadhi mwili ule? Ni kwa sababu ile ile iwafanyayo wavuvi wetu kutia samaki chumvi na kumwanika: maji yakitoka, uozo hupungua. Watu wa Livingstone walitumia maarifa, si uchawi.

Na somo la afya lisisahauliwe. Mwezi Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na mzigo, na ndani yake mlikuwa na sanduku la dawa pamoja na kwinini. Livingstone alihisi kana kwamba amehukumiwa kufa. Alijua dawa ya homa, lakini hakujua mletaji wake. Ilikuwa mwaka 1897 Ronald Ross alipoonyesha huko Bara Hindi kwamba mbu ndiye achukuaye malaria. Mke wake, Mary, alikwisha kufa kwa homa hiyo Shupanga mwaka 1862. Mtoto aliyeisikia habari hii ataelewa kwa nini twamhimiza alale ndani ya chandarua, kuliko akiambiwa amri tupu.

Katika hesabu, kazi ni nyingi. Njia ya kutoka Chitambo mpaka Bagamoyo ilipita maili 1,000, yaani kilometa 1,600 na zaidi, nayo ilichukua miezi tisa. Watoto wagawanye kwa siku 270. Watapata kama kilometa 6 kwa siku. Ndipo waulize: mpagazi mwenye nguvu aweza kwenda mbali kuliko hivyo, mbona hawa walikawia? Jibu li katika habari: siku chache baada ya kuondoka, wengi walishikwa na ugonjwa, wakakaa karibu mwezi mzima. Hivyo hesabu yawafundisha watoto kusoma, na kusoma kwawafundisha hesabu. Kwa darasa la juu kuna hesabu ya longitudo. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kwa dakika 4. Kati ya Ujiji na Bagamoyo pana digrii 9 na robo hivi. Basi jua lifikapo utosini mwa watu wa Bagamoyo, watu wa Ujiji wangoje kama dakika 37. Wasafiri walijua mahali walipo kwa hesabu kama hii.

Katika lugha, waambieni watoto jinsi Livingstone alivyoandika alipoishiwa na karatasi na wino. Alichukua magazeti ya zamani, akaandika juu ya maneno yaliyopigwa chapa, kwa wino wa matunda ya mwitu. Wino huo ulififia hata haukusomeka. Lakini mwaka 2011 wataalamu waliutoa tena kwa kupiga picha kwa nuru za namna nyingi. Mtoto apotezaye daftari kwa uvivu na ajifunze hapo. Kisha aandike insha, si kwa kinywa cha Livingstone, bali kwa kinywa cha Susi usiku ule wa shauri kule Chitambo: tumzike hapa turudi kwetu, au tumchukue? Darasa moja liweza kugawanyika, nusu waseme hivi na nusu vile, na kila upande utoe sababu zake.

Katika shule moja tuliyofundisha, mtoto wa kike wa darasa la nne aliuliza, "Mwalimu, huyo Daktari alikuwa anakula nini, na nani alikuwa anampikia?" Wenzake walicheka. Nasi tuliwaambia wanyamaze, kwa kuwa hilo lilikuwa swali bora la siku hiyo. Mpishi alikuwa Halima, na Livingstone alimsifu katika daftari yake, akakusudia kumnunulia nyumba na shamba Unguja. Halima alikuwa pamoja na wale waliouleta mwili. Tangu siku ile watoto wa kike wa darasa lile waliisikiliza habari hii kwa masikio mengine, kwa sababu walijikuta wamo.

Kazi za mikono nazo zina nafasi yake. Susi na Chuma walipopelekwa Uingereza mwaka 1874, walitengeneza mfano wa kibanda alichofia Livingstone, na maelezo yao yalimsaidia Horace Waller kutoa kitabu cha safari ile ya mwisho. Watoto wetu wana fito, majani na udongo. Watengeneze kibanda, machela, na robota la nguo lililofungwa vizuri. Robota hilo lina habari yake. Karibu na Unyanyembe watu walikataa maiti isipite katika nchi yao. Basi watu wa Livingstone wakafunga mabua kwa nguo, yakafanana na maiti, wakatuma wenzao wayarudishe Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Na mwili wenyewe wakaufunga upya kama mzigo wa nguo, wakapita.

Katika somo la dini, watoto wenyewe watakumbuka jinsi Musa alivyochukua mifupa ya Yusufu kutoka Misri kwa sababu ya kiapo. Lakini watu wa Livingstone hawakuapishwa na mtu. Hata Cameron alipokutana nao Unyanyembe mwezi Oktoba 1873, akawashauri wamzike hapo, walikataa. Tena wakumbuke Mebalwe, mwalimu Mwafrika wa Mabotsa, aliyemkabili simba alipokuwa amemkamata Livingstone mwaka 1844, akaumwa yeye mwenyewe. Mfupa wa mkono uliovunjwa na simba ndio ulioutambulisha mwili London miaka 30 baadaye. Bila Mebalwe pasingekuwa na msafiri wa kusifiwa.

Sasa tunakuja kwenye jambo zito, nalo ni utumwa. Livingstone aliona huko Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, watu wa misafara wakiwapiga risasi wanawake na watoto sokoni. Wafanya biashara wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari za uovu huo zilisaidia kumshurutisha Sultani Barghash kuufunga mnada wa watumwa wa Unguja mwezi Juni 1873. Livingstone hakuisikia habari hiyo; alikuwa amekwisha kufa mwezi mmoja kabla.

Ndugu zetu waalimu, kumbukeni kwamba katika darasa moja huweza kuwa wameketi wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa. Msifiche jambo hili, wala msilitumie kumchoma mtoto yeyote. Msiseme kwamba dhambi hiyo ilikuwa ya kabila moja au dini moja. Waarabu na Waswahili waliongoza misafara. Machifu wengine wa bara waliuza mateka wao. Pembe zilizobebwa na watumwa zilinunuliwa Ulaya na Marekani. Livingstone mwenyewe, aliyeuchukia utumwa, alisafiri pamoja na wafanya biashara hao, akala chakula chao, na mara kadhaa wao ndio waliomwokoa na njaa na maradhi. Mtoto aweza kulielewa jambo hili, kwamba mtu akutendeaye mema leo aweza kuwa anatenda mabaya makubwa kwa mwingine. Afadhali alisikie shuleni kwa upole kuliko njiani kwa matusi.

Tena wasikie neno la haki. Wale waliouleta mwili walilipwa ujira wao wakaachwa waende zao. Siku ya maziko ya London, ni Wainwright peke yake kati yao aliyekuwapo. Susi na Chuma walipofika Uingereza, kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa. Baadaye zilipigwa nishani za fedha kwa ajili yao, lakini wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika. Waulizeni watoto: je, ndivyo ilivyopasa? Nanyi mngoje jibu lao kabla ya kutoa lenu.

Namna ya kuyafanya haya si ngumu. Waalimu wa shule moja wakutane siku moja kabla, wagawane kazi, na juma moja latosha. Wa hesabu asiingie katika habari ambayo wa historia hajaisimulia, watoto wasije wakahesabu safari wasiyoijua. Kwa madarasa madogo inatosha ramani ya uwanjani, kibanda cha fito na majina matano. Mwisho wa juma, kila mtoto apewe kazi ya nyumbani: amwulize mzee mmoja njia za zamani zilipita wapi, watu walibeba nini, na visima vilikuwa wapi. Wazazi mlio hapa, mtoto akija na maswali hayo msimfukuze jikoni. Mambo mengine mnayoyajua hayamo katika kitabu chochote, nayo yatakwenda kaburini pamoja nanyi msipoulizwa.

Na mwalimu atajuaje kama amefaulu? Asiulize Livingstone alizaliwa mwaka gani. Amwambie mtoto asimulie safari kutoka Chitambo mpaka Bagamoyo, kisha ahesabu ametaja watu wangapi. Akitaja mmoja tu, kazi haijaisha. Akiwataja Susi na Chuma na Wainwright na Halima, akaeleza walivyofanya shauri, walivyougua na walivyokataa kugeuka, mtoto huyo amejifunza historia. Naye hatafikiri tena kwamba maarifa na ushujaa ni vitu viletwavyo katika nchi yake kwa jahazi.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuyasema.  Waalimu, nendeni mkayajaribu, nanyi mtuletee habari ya maswali mliyoulizwa na watoto wenu.